Waacheni Watoto Wacheze Wenyewe

Siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani nilifika shuleni mapema mno. Ilikuwa Jumamosi. Mkutano uliandikwa kuwa saa 10 alasiri, nami nilifika saa 9 kasorobo, na mlango wa ukumbi ulikuwa bado umefungwa. Basi nikazunguka nyuma ya jiko, nikasimama chini ya ule mwembe ambao kila aliyesoma hapa aujua. Hapo nikakuta mchezo.

Walikuwa watoto 14 au 15. Baadhi yao walikuwa wa Kidato cha 1, na waliobaki ni watoto wa walimu na wa wapishi, wakaao katika nyumba za nyuma. Walikuwa wakicheza kwepena. Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo huu, kama wapo, nitaueleza kwa kifupi. Wawili husimama mmoja huku na mmoja kule, umbali wa hatua 15 hivi, na wengine wote husimama katikati. Wale wawili hurusha mpira kuwalenga wa katikati, na hao wa katikati huukwepa. Apigwaye hutoka. Abakiye peke yake hurushiwa mara nyingi kadiri walivyopatana, na akizikwepa zote, wenzake waliotoka hurudi ndani kwa ajili yake. Mpira wao siku ile ulikuwa wa matambara yaliyokazwa kwa uzi, na mistari yao waliichora ardhini kwa kisigino.

Nilipokuwa nikitazama, shauri likazuka. Mpira ulikuwa umegusa shati la kijana mmoja wa Kidato cha 1, lakini mwili wake haukuguswa. Je, amepigwa au hakupigwa? Mtu mzima angalilikata shauri lile kwa neno moja, na mchezo ungaliendelea. Wao walisimama wakabishana. Mmoja alisema nguo si mtu. Mwingine alisema akubaliye hayo atakuja kesho amevaa kanzu. Kelele zikawa nyingi, hata msichana mdogo, mtoto wa mpishi mmoja, umri wake haupiti miaka 9, akasema: "Juzi mpira uligusa sketi yangu, mkaniambia nitoke, nikatoka. Mbona leo shati si kama sketi?"

Wote wakanyamaza. Yule kijana akatazama chini, kisha akacheka, akatoka mwenyewe. Hapakuwa na mwalimu, wala kiranja, wala filimbi.

Saa 10 nikaingia ukumbini. Katika mkutano tulikumbushwa jambo tulilokwisha kulikubali zamani: kwamba fedha tulizochanga zitajenga kiwanja cha mpira wa kikapu, chenye sakafu ya saruji na uzio wa waya na mlango wa kufungwa kwa kufuli, na kwamba mahali palipochaguliwa ni pale nyuma ya jiko, chini ya mwembe. Sababu ni kwamba pale ni tambarare na "hapatumiki". Sina budi kukiri kwamba nami nilitoa mchango wangu, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa kukubali mahali pale. Sikujua nililokuwa nikikubali. Sasa najua, na kwa hiyo naandika.

Kwanza nataka nieleweke. Mimi si adui wa mpira wa kikapu. Ni mchezo mzuri, tena ulibuniwa na mwalimu kwa ajili ya vijana wake. Mwaka 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitakiwa kutafuta mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi kali, akatundika vikapu viwili vya matunda na kuandika sheria 13. Shule yetu yastahili kuwa na kiwanja chake. Ninalopinga ni kuwanyang'anya wadogo kiwanja chao ili tuwape wakubwa kingine, na kusema kwamba mahali hapatumiki kwa sababu tu hapajapigwa chokaa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mpira wa miguu huchezwa na watu 22 kwa mara moja, na mpira wa kikapu na watu 10. Shule yenye mamia ya wanafunzi, ikiwa haina michezo mingine ila hiyo, itakuwa na wachezaji wachache na watazamaji wengi. Na ni nani watakaotazama? Ni wale wadogo, wale wafupi, wale wazito wa miguu, na wale waliokuja juzi kutoka shule za vijijini wala hawajui sheria. Katika kwepena hakuna mtazamaji. Wakija 6 huchezwa, wakija 20 huchezwa, na hata aliyepigwa husimama kando akiomba kwa moyo wake wote kwamba mwenzake akwepe ili naye arudi.

Walakini hilo silo neno langu kubwa. Neno langu kubwa ni hili: mchezo ambao watoto wanauendesha wenyewe huwafundisha jambo ambalo mchezo wa filimbi hauwezi kuwafundisha. Huwafundisha kutunga sheria, kuhukumu na kutii bila kushikiwa fimbo.

Tazameni mchezo wa filimbi unavyokwenda. Mchezaji akianguka, humtazama refa. Akishika mpira kwa mkono na refa asione, hunyamaza, na wenzake humsifu. Kosa ni lile lililoonekana. Lakini chini ya mwembe hakuna wa kudanganywa ila wenzako, nao wanakujua. Ukikataa kutoka leo, kesho hawatakuita. Nao wakikuonea, utachukua mpira wako uende nyumbani, na mchezo utakufa. Kwa hiyo kila mmoja hulazimika kufikiri: nitasema nini ambacho wote watakikubali? Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na mimi siku ile nililiona neno likitengenezwa mbele ya macho yangu, na aliyelitengeneza ni mtoto wa miaka 9.

Jambo hili si langu peke yangu. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alikaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel walipokuwa wakicheza gololi. Aliwauliza sheria za mchezo wao zilitoka wapi, na kama zaweza kubadilishwa, na majibu yao aliyachapisha katika kitabu mwaka 1932. Watoto wadogo walimwambia kwamba sheria zilitoka kwa wakubwa, wala haziwezi kubadilishwa kamwe; lakini hao hao, walipocheza, kila mmoja alicheza apendavyo. Wale wakubwa zaidi, wa miaka 11 au 12, walisema kwamba sheria ni mapatano, na kwamba wote wakikubali yaweza kubadilishwa. Na hao ndio waliozishika sheria kwa uangalifu. Yafaa tuyafikirie hayo, sisi wazazi na walimu. Mtoto anayedhani sheria imeshuka kutoka juu huiheshimu kwa mdomo. Anayejua kwamba yeye na wenzake ndio walioiweka huiheshimu kwa miguu yake, hutoka mwenyewe.

Mimi nilikulia Walukuba, Jinja. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, nao walitoka pande zote: Wasoga, Waganda, Wagisu, Wateso, Waacholi, na Wajaluo wa Kenya. Kila mlango ulikuwa na lugha yake. Lakini uwanjani mtu hawezi kubishana na mwenzake asiyemsikia, na kwepena ni mchezo wa kubishana. Kwa hiyo tulibishana kwa Kiswahili. Kiswahili hiki ninachowaandikia sikukipata darasani, maana wakati wetu hakikufundishwa katika shule niliyosoma. Nilikipata kwa kusema "hukunipata" na "ulivuka mstari" na "tuanze upya". Tangu mwaka 2020, kwa mtaala mpya, Kiswahili ni somo la lazima katika Kidato cha 1 na cha 2, nami nasikia vijana wakilalamika kwamba hawana mahali pa kukisema baada ya kengele. Mahali papo, nyuma ya jiko. Tena mchezo wenyewe haujui mipaka. Huko Kenya watoto huuita kati, na Tanzania huuita rede. Mtoto wetu akienda Kisumu au Mwanza, atauliza jina tu, na kucheza atacheza.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nasema watoto ni malaika. Hapana. Huko Walukuba tulikuwa na mwenzetu ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umedhoofishwa na polio. Likizo nzima tulimwacha akae juu ya jiwe akitutazama. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia, "Wewe utatuhesabia tu." Siku moja msichana mkubwa kidogo kuliko sisi alisema kwamba yeye hatacheza tena mpaka yule kijana apewe mpira arushe. Tukampa. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko yetu sote, na tangu siku ile kila upande ulimtaka. Lakini ile likizo nzima aliyokaa juu ya jiwe haikurudi, na hata leo nikimkumbuka naona haya. Nasema haya ili nikiri kwamba haki ya watoto yaweza kuchelewa. Walakini nauliza: mtu mzima angalikuwapo na kutuamuru, tungalimpa mpira siku ile ile, ni kweli, je, tungalijifunza nini? Tungalijifunza kumpa mpira mtu mzima atazamapo.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, nami nitayajibu kwa kadiri niwezavyo.

La kwanza, watasema kwamba wakati ni wa masomo, na kwamba saa ya jioni ni afadhali itumike kwa masomo ya ziada. Hili lina nguvu, maana mitihani haina huruma, na mzazi alipaye karo ana haki ya kuona matokeo. Lakini mtaala huo huo wa 2020 wataka vijana wetu wajifunze kushirikiana, kuwasiliana, na kutatua matatizo kwa akili zao. Tutawafundisha hayo kwa kuwaandikia ubaoni? Shauri la shati na sketi lilikuwa na hayo yote matatu, tena bila gharama ya chaki.

La pili ni afya, na hapo ushahidi u upande wangu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema kwamba watoto wa miaka 5 hata 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumia mwili kwa nguvu. Na si viungo tu, hata macho hufaidika. Huko Guangzhou, China, madaktari walichagua shule 12 za msingi. Katika shule 6 watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na katika shule 6 nyingine hawakuongezewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka 3, katika shule zisizoongeza, watoto kama 40 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa wa kutoona mbali. Katika zile zilizoongeza walikuwa kama 30. Basi mzazi amnunuliaye mtoto vitabu na ampe pia nafasi ya kutoka nje, ili awe na macho ya kuvisomea.

La tatu, watasema kwamba wataumia na wataoneana. Kuumia wataumia kidogo. Goti lililochubuka hupona. Kuoneana ni jambo zito zaidi, nami nimekwisha kulisema. Kwa ajili hiyo sisemi watoto watupwe. Nasema mwalimu wa zamu akae mahali aonapo, na kiti chake, na madaftari yake ya kusahihisha. Aingie ikiwa damu inatoka, au ikiwa mnyonge anadhulumiwa siku baada ya siku. Kwa mengineyo asiingie, hata akiitwa. Wakimwendea kumwuliza nguo ni mwili au si mwili, awajibu: "Ninyi mnasemaje?"

La nne, watasema kwamba watoto wa siku hizi hawataki tena michezo hii, wataka simu na televisheni. Nami niliamini hivyo. Lakini shule zetu za Uganda zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ule ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi wasirudi madarasani hata tarehe 10 Januari 2022, niliyaona mengine katika mtaa wangu. Mwanzoni watoto walikaa ndani wakitazama picha. Vizuizi vilipolegezwa, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Msichana wa miaka 12 alikuwa anaijua kwepena. Akawafundisha wa miaka 8, na hao wakawafundisha wa miaka 6. Hakuna mzazi aliyewaonyesha, na sisi wazazi tulikuwa na hofu zetu nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa hatari iliyo mbele yetu. Mpira wa kikapu una kitabu chake. Hata ukisahaulika shuleni kwa miaka 20, atakuja mwalimu mwenye kitabu na kuufufua. Kwepena yetu haina kitabu. Hukaa katika vichwa vya watoto wa miaka 12, na kutoka hapo huhamia kwa wa miaka 8, na asipokuwapo wa kupokea, imekwisha. Kidato cha 1 wakikosa mahali pa kuchezea kwa miaka mitatu au minne, wale watakaowafuata hawatakuwa na wa kuwafundisha. Uzio twaweza kuujenga kwa mwezi mmoja, lakini kilichopotea kwa ajili yake hakuna fundi atakayekirudisha. Tena tukumbuke kwamba uzio wenye kufuli utawafungia nje watoto wa wapishi, na yule msichana wa miaka 9 aliyewafundisha haki vijana wa Kidato cha 1 hataingia tena.

Basi nashauri mambo matatu, na nayaweka mbele ya Mwalimu Mkuu, kamati ya shule, na wanafunzi wa zamani wenzangu.

Kwanza, kiwanja cha mpira wa kikapu kijengwe chini ya karakana ya useremala. Najua pale pana mteremko, na kusawazisha ardhi kutaongeza gharama. Gharama hiyo tuilipe sisi wanafunzi wa zamani. Mimi niliyeinua mkono bila kwenda kutazama mahali, nitakuwa wa kwanza kuongeza mchango wangu, na nimekwisha kumwandikia mweka hazina wetu.

Pili, uwanja wa nyuma ya jiko ubaki kama ulivyo, wa udongo, bila uzio wala chokaa. Tusiupambe. Usiwekewe hata bango lenye jina la aliyetoa fedha.

Tatu, tangu saa 10 hata saa 11 jioni, walau siku 3 katika juma, Kidato cha 1 na cha 2 wasipangiwe masomo ya ziada, wala mazoezi ya timu, wala usafi wa mabweni. Saa hiyo iwe yao. Wakitaka kucheza, wacheze. Wakitaka kuketi chini ya mwembe na kupiga soga, wapige.

Umoja wa Mataifa, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, uliandika kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Uganda iliukubali mkataba huo mwaka 1990. Hatuna haja ya kwenda mbali kuutimiza. Kinachotakiwa kwetu ni kutofanya jambo, nalo ni kutojenga pale.

Shauri hili litaletwa tena katika mkutano wetu ujao kabla mafundi hawajaanza kuchimba. Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nawaombeni mfike saa moja kabla ya mkutano, mpite nyuma ya jiko, msimame na kutazama kwanza. Kisha mpige kura kwa jinsi mtakavyoona. Mkipiga kura dhidi yangu baada ya kutazama, nitatii.

Nanyi vijana wa Kidato cha 1, uwanja ni wenu lakini hakuna aliyewauliza. Gazeti hili lina nafasi ya barua. Andikeni. Na kama nimezikosea sheria za kwepena yenu, nisahihisheni, maana huenda tangu siku ile mmekwisha kuzibadilisha.

Mwanafunzi wa Zamani,
Jinja.